Mlango Usio na Pazia

Katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, neno la siri la kompyuta lilijulikana na watu wote isipokuwa paka. Alilijua mavyaa wangu, mamake mume wangu, ambaye hajawahi kugusa kibodi maishani mwake. Walilijua mashangazi wa mume wangu waliokuwa wakija kila Ijumaa baada ya swala, na mwanamke jirani wa nyumba ya pili aliyekuwa akipanda ngazi zetu kuja kuchapisha barua zake. Siwacheki, maana ndivyo tulivyolelewa. Mlango wa watu haufungwi mchana. Unateremshwa pazia, na mwenye kuja hupiga hodi, akaitikiwa, akaingia. Ukitia komeo jua likiwa bado juu, mtaa mzima utajua ndani kuna ugomvi au kuna mgonjwa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mume wangu, na aliyeitengeneza ni mdogo wake, shemeji yangu, anayeishi na mkewe ghorofa ya chini. Aliuondoa mfumo iliokuja nao akaweka Linux, na kwa hilo namshukuru mpaka leo, kwa sababu chombo kilichokuwa kikiwaka kwa muda wa kuchemsha mbaazi kikaanza kuwaka kama taa. Akaweka akaunti mbili. Moja ilikuwa na jina la mume wangu, na ndiyo tuliyoingilia sote. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyokuwa na mamlaka: kuweka programu na kuzitoa, kubadilisha mipangilio ya mtandao, kuongeza mtu na kumwondoa. Sisi wengine tulikuwa wapangaji tu humo ndani.

Sikujali. Kazi yangu niliifanyia ofisini Shimanzi, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na huko nilikuwa na meza yangu na kompyuta yangu. Kontena likishushwa Kilindini, pana mtu ameketi mahali akiandika limebeba nini, limetoka wapi na litozwe ushuru wa aina gani. Mtu huyo ni mimi. Ukikosea kuutaja mzigo, unalala bandarini, na wenyewe wanakuja juu kama maziwa ya moto. Naipenda kazi hii. Nasema wazi kwa sababu wakati ule watu walinizungumzia kana kwamba nilikuwa nafanya kazi kwa kukosa la kufanya.

Kisha mume wangu akafariki, nikakaa eda. Mjane wa kwetu hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajipambi, hatii manukato, wala hakai na mwanamume anayeweza kumuoa. Shemeji ni wa kwanza katika hao. Alikuwa amezoea kupanda akala nasi akiwa na kakake, lakini tangu siku ya maziko hakuvuka tena pazia la ghorofa yangu. Akiwa na neno, alikohoa kwenye ngazi, akasema kutoka hukohuko. Mavyaa wangu ndiye aliyelilinda pazia hilo. Alihamia juu kwangu na mkeka wake na tasbihi yake, na sidhani kama pana askari wa bandarini anayelinda lango kwa bidii ile.

Sikuona uzito wa eda. Nilimpenda mume wangu, na kukaa kimya na huzuni yangu ilikuwa haki yangu. Ila sikutaka kuipoteza kazi pamoja naye. Nilimuuliza bibi anayetusomesha darsa za wanawake, akaniambia kazi ya halali ndani ya nyumba yangu haivunji eda. Nikampigia simu mkubwa wangu wa ofisi, mwanamke mwenye maneno machache. Akakubali nifanyie nyumbani. Angenipa njia ya faragha ya kuingilia mtandao wa ofisi, na mimi nilitakiwa nihakikishe kila hati imefika kabla ya adhuhuri. Lakini akanieleza bila kuficha: meli hazingoji, na njia ile ikiwa inakatikakatika, itambidi ampe meza yangu mtu mwingine, na huyo mtu hataondolewa nitakaporudi.

Basi nikaihamishia kompyuta chumbani kwangu, nikaiweka juu ya meza ya kioo. Wanja, mafuta na chupa za manukato vilikuwa vimeshaondolewa hapo kwa sababu ya eda, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Kioo nilikigeuza ukutani, nisijione nikifanya kazi na macho mekundu.

Shemeji hakupenda. Alisema kutoka kwenye ngazi, kwa sauti ya upole inayoniudhi kuliko ukali.

"Shemeji, wajitaabisha bure. Sisi tupo. Utatunzwa."

"Najua mpo. Na kazi yangu nayo ipo."

"Watu watasema tumekutumikisha ndani ya eda."

"Wakikwambia wewe, waambie waje waniulize mimi."

Mavyaa akanitazama kwa jicho la kuniambia nipunguze. Sikupunguza.

Wiki ya kwanza kazi ilikwenda. Ya pili, njia ya ofisi ikaanza kukatika. Nikiwa katikati ya hati, alama ndogo juu ya skrini, inayoonyesha kwamba njia i wazi, inazimika, ofisi inapotea, na nilichoandika kinapotea nayo. Naiwasha tena, inakaa kidogo, inakatika. Nikamuuliza shemeji, maana ruta ya nyumba nzima ilikuwa chini kwake.

"Ni kuta hizi," akasema kutoka kwenye ngazi. "Mawe ya matumbawe haya, shemeji, hayapitishi kitu. Wazee walijenga kuzuia jua, na mtandao wauzuia vilevile."

Kuta zetu ni nene kweli. Ukiweka mkono dirishani, kiwiko bado kiko chumbani. Nikamwamini kwa siku kadhaa, nikahangaika kuisogeza kompyuta huku na huku kama mtu anayetafuta kibla. Mpaka asubuhi moja njia ya ofisi ikakatika, na wakati huohuo mavyaa, aliyekuwa akisikiliza mawaidha kwenye simu yake kwa mtandao uleule, hakukatikiwa hata neno moja. Nikafungua video ya mapishi kwenye kompyuta yangu, ikafunguka bila taabu. Nikakaa nikaitazama ile video na hasira ikianza kunipanda. Ukuta gani huu unaojua kuchagua, ukapitisha biriani na kuzuia forodha?

Siku hiyo mzigo mmoja ulikosa hati kabla ya adhuhuri. Mkubwa wangu alinipigia. Hakufoka. Aliniambia tu kwamba nikikosa tena, atatafuta mtu.

Siku iliyofuata akaja mwenzangu wa ofisini kunitoa pole. Ni mwanamke wa Kigiriama, Mkristo wa Kaloleni anayekaa Ganjoni, na ndiye anayezitazama kompyuta zetu zote Shimanzi. Alijitanda leso vizuri, akamwamkia mavyaa kwa adabu zote, akanywa kahawa, akala mahamri. Mavyaa alipokwenda jikoni nikamweleza kisa cha kuta. Akacheka.

"Dada, hebu fungua pale pa kuandikia amri. Andika herufi moja tu, w, kisha bonyeza."

Nikaandika. Ikaja orodha fupi ya walioingia katika kompyuta yangu kwa wakati huo. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina la marehemu, ndipo nilipokuwa nimeketi mimi. Mstari wa pili ulikuwa na jina la shemeji, na mbele yake anwani ya kompyuta iliyoko chini kwake.

"Huyu nani?" akauliza.

Nikamwambia ni shemeji yangu wa ghorofa ya chini. Akanieleza taratibu kwamba kompyuta ile ina mlango wa mbali. Mtu aliye kwenye mtandao uleule, akiwa na akaunti, anaingia bila kugusa kibodi. Na akiwa msimamizi kama shemeji, anafungua kila kitu na kuzima chochote. Tukiwa bado tunatazama, ile alama ndogo ikazimika. Njia ya ofisi ilikuwa imekatwa mbele ya macho yetu na mtu aliyekuwa ameketi chini ya miguu yetu.

"Tunaweza kummaliza sasa hivi," mwenzangu akasema. "Mwenye kuiwasha kompyuta kwa mkono wake ana njia yake. Unaizima, unaiwasha kwa upande wa matengenezo, unaingia kama mkuu wa mfumo, unaweka akaunti yako, yeye unamtoa kwenye usimamizi. Hata hatajua mpaka kesho."

Nikakataa. Sikuwa mwizi hata nifunge mlango wangu kwa kunyatia. Kama ningefanya kwa siri, kesho yake ingesemwa ngazi nzima kwamba mjane ameficha jambo, na mavyaa angekuwa wa kwanza kuumia. Mwanzoni mwa eda nilijaribu kubadilisha neno la siri, na hakusema nami tangu asubuhi hadi alasiri. "Nyumba hii haina siri," aliniambia baadaye. "Mwanangu alikaa humu hakunifungia kitu." Nikalirudisha lile la zamani. Mara hii sikuwa tayari kurudisha kitu.

Nikamwita mavyaa. Akaja akifuta mikono, akaketi kitandani.

"Mama, shemeji yuaruhusiwa kuvuka pazia hili?"

"Hata. Mpaka eda ishe."

"Na akiwa na haja ya kitu changu?"

"Apige hodi uko tini, niende mimi. Kwani amekuja?"

"Yumo humu sasa hivi."

Akasimama. Wallahi alitazama nyuma ya pazia, kisha nyuma ya kabati, kisha akainama kutazama nyuma ya kompyuta. Mwenzangu aliuma leso yake asicheke. Nikamshika mavyaa mkono, nikamketisha mbele ya skrini, nikamwonyesha ule mstari wa pili. Kusoma anasoma vizuri sana. Jina la mwanawe alilitambua.

"Yeye mwenyewe yuko chini kwenye kiti," nikamwambia. "Lakini humu yuaingia atakapo, bila hodi. Njia yangu ya ofisi yuaizima yeye, si kuta. Na aweza kufungua kila kilichomo. Mama, picha za siku yangu ya kupambwa zimo humu."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Siku ya kupambwa bi harusi kwetu ni ya wanawake watupu. Wanavua mabuibui, wanaonyesha nywele zao, nguo zao na dhahabu zao, na simu zote hukusanywa mlangoni isije picha ikatoka. Siku yangu mimi, aliyesimama mlangoni na kapu la simu alikuwa ni yeye. Alimnyang'anya simu hata dadake wa tumbo moja. Zile picha chache zilizopigwa na mpigaji tuliyemwajiri nilizihifadhi katika kompyuta ya mume wangu, naye akaniahidi hatazifungua, na humo nikawa nimeketi kichwa wazi, mikono imejaa hina, na yeye kando yangu kichwa wazi, na wifi zangu na majirani wote, katika chombo ambacho shemeji alikuwa na ufunguo wake.

Mavyaa akatoka hadi kwenye ngazi. Hakupaaza sauti.

"We, kijana. Ndoo hapa tini ya ngazi."

Nikasikia viatu vya shemeji akija alipoitwa.

"Waingia katika kompyuta ya mke wa ndugu yako?"

"Mama, ile nimeitengeneza mimi. Naitazama isiharibike."

"Mato yako yameona picha za watu?"

"La. Haki ya Mungu sijafungua picha yoyote, Mama. Mimi nilikuwa naizima ile njia ya ofisi tu, apumzike."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, mwenzangu nyuma yangu. Mtu amekiri mwenyewe bila kuulizwa.

"Na zile kuta, shemeji?" nikasema kutoka ndani.

Nikasikia viatu vyake vikirudi nyuma hatua moja.

"Ulinambia ni mawe. Nimekaa nikiisukuma meza chumba kizima kwa ajili ya mawe yako. Nilikaribia kufukuzwa kazi kwa ajili ya mawe yako."

"Nilikuwa nakulinda," akasema.

"Umenilinda na nini? Na riziki yangu?"

Sikulia. Watu walitarajia nilie, kwa sababu mjane akikasirika hudhaniwa ni huzuni imemzidi. Yangu ilikuwa hasira tupu na nilitaka ijulikane hivyo. Lakini nitamtendea haki: nadhani hakuwahi kufikiri kwamba anachofanya ni kuingia chumbani kwangu. Alilistahi pazia kwa moyo wake wote. Hakugusa hata ukingo wake. Alikuwa anakohoa kwenye ngazi kama inavyotakiwa, kisha anashuka, anaketi, anaingia kwa mlango ambao hakuna aliyeutundikia pazia. Nilipomwambia hivyo, kwa maneno hayahaya, nilisikia akivuta pumzi.

"Shuka," mavyaa akamwambia. "Na mke wako usimwambie kitu, nitamwambia mimi."

Kisha akarudi ndani, akaketi mkekani, akasema, "Haya, fungeni. Mimi nashuhudia."

Tukafunga, mchana kweupe, madirisha wazi. Mwenzangu alikataa kushika kibodi. Alisema kompyuta ni yangu, niizoee. Nikaizima nikaiwasha kwa upande wa matengenezo, nikaandika amri alizonitamkia, na mara mbili nilikosea herufi akanirudisha. Nikaweka akaunti yenye jina langu na kuitia katika usimamizi. Nikachagua neno la siri ambalo hata nikiota usingizini halitanitoka. Nikamwondoa shemeji kwenye usimamizi, lakini akaunti yake sikuifuta. Nikamwacha awe mpangaji kama tulivyokuwa sisi. Nikaufunga ule mlango wa mbali usiwake tena hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Halafu nikaingia kwenye mipangilio ya mtandao. Njia ya ofisi ilikuwa imeandikwa kuwa ya wote. Nikaifanya iwe ya akaunti yangu peke yangu, ijiwashe yenyewe kila niingiapo, na asiyejua neno langu asiweze kuigusa. Picha nikazihamishia kwangu.

Tulipofika hapo mavyaa akauliza, kwa sauti ndogo, "Na mimi umenifungia?"

Nikamwekea akaunti yake, awe anasikiliza mawaidha kwenye spika kubwa. Nikamwambia anitajie neno la siri. Akafikiri sana. Halafu akatuambia mimi na mwenzangu tugeukie ukutani, akaandika mwenyewe, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Mpaka leo silijui, na nikimuuliza hucheka.

Ikabaki akaunti ya marehemu. Mwenzangu akasema kwa kawaida ya kazi, aliyeondoka akaunti yake hufutwa. Nikamwambia kawaida hiyo aende nayo Shimanzi. Nikaifunga tu, isifunguke kwa neno lolote. Jina lake likabaki kwenye skrini ya kuingilia, chini ya langu. Kila asubuhi nilikuwa nalisoma, namwombea dua, kisha naandika neno langu na kuanza kazi. Njia ya ofisi haikukatika tena. Mkubwa wangu hakunisifu, kwa sababu si mtu wa sifa, ila alianza kunitumia mizigo migumu, ile ya mashine zenye vipande vingi, na hapo nikajua meza yangu bado ni yangu.

Shemeji alininunia kwa muda. Mashangazi wa Ijumaa nao walikuta neno lao halifungui, wakamsemea mavyaa, na yeye akawajibu kwamba kila mtu na kichwa chake. Nilimsikia kupitia pazia. Nilitamani nitoke nimkumbatie, lakini nilikuwa na hati mkononi.

Eda ilipokaribia kwisha, asubuhi moja nikasikia kikohozi kwenye ngazi. Mavyaa alikuwa amekwenda kuoga.

"Hodi, shemeji."

"Nani?"

Alijua namjua sauti. Lakini kwetu aulizwaye hujibu, naye akajitaja. Akasema anataka picha moja ya kakake, ile aliyosimama na baba yao Forodhani, aiweke kwenye fremu. Akasema ameitafuta kwake hakuipata, na anajua iko kwangu.

"Iko kwangu," nikasema.

Akangoja. Nilikuwa katikati ya hati ya makontena matatu, na adhuhuri ilikuwa karibu.

"Hodi," akarudia, taratibu zaidi.

Nikamaliza mstari niliokuwa nao. Nikaikagua hati tangu juu mpaka chini, nikaituma, nikangoja mpaka jibu likarudi kwamba imepokelewa. Kisha nikamwambia asimame palepale alipo, nitamtolea mimi.